Barabara Tuliyoipandisha, Kisha Tukaishusha

Katika kikundi chetu cha wenye mashamba, hapa bondeni kando ya Mto Lumi, Taveta, mimi ndiye mweka hazina. Kwa hiyo fedha zote zilizotumika katika upuuzi nitakaousimulia zilipita mkononi mwangu, na risiti bado ninazo. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba ninawacheka wenzangu, kwa maana siku hoja ile ilipoletwa kikaoni mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mkono kuiunga.

Mgeni akifika kwetu wakati wa kiangazi, vumbi likamjaa masikioni, hawezi kuamini kwamba shida yetu ni wingi wa maji. Lumi unaanzia kwenye miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, upande wa Tanzania, na kumwaga maji yake Ziwa Jipe, nasi tuko katikati. Mvua ikipiga Rombo, huko miteremkoni, usiku kucha, sisi huamka asubuhi chini ya anga jeupe, hata tone halijaanguka, na kuikuta migomba imesimama majini. Ndiyo maana huwa siangalii mawingu ya Taveta hata kidogo. Ninaye shemeji yangu anayekaa huko Rombo, na akinipigia simu jioni kunieleza kwamba mvua imemzuia kutoka nyumbani, mimi hufungua mbuzi na kuwapandisha mahali pa juu kabla ya kulala. Hilo halinigharimu kitu zaidi ya kumpelekea mkungu wa ndizi kila ninapokwenda kuwasalimu.

Barabara yetu, kama kilomita mbili kutoka lami, hukatiza mkondo ambao mwaka mzima ni mkavu isipokuwa mto unapofurika. Udongo wake ni mweusi, ule unaopasuka wakati wa jua na kugeuka ugali wakati wa mvua. Mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 2023 zilipotukatia njia majuma mawili na ndizi zikaivia shambani pasipo mnunuzi, tuliitisha mkutano. Akaletwa bwana mmoja aliyesemekana kuwa amefanya kazi za barabara kwingi, akapita na viatu vyake safi, akatazama, akasema: “Inueni barabara, jamani. Maji hayapandi kilima.” Tulipiga makofi.

Tukainua. Malori ya changarawe yalikuja moja baada ya jingine hadi tuta likafika karibu mita moja kwenda juu, na chini yake tukalaza kalvati moja, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, ambayo mtoto angeingiza kichwa lakini mabega yangekwama. Gharama ilikuwa kama shilingi laki tatu na ushei, ukiacha chai na mandazi ya vibarua. Kwa miezi michache nilijiona mtu wa maana. Kila mgeni aliyekuja kunitembelea nilihakikisha amepitishwa juu ya tuta.

Aprili 2024 maji yakaja. Siku ya kwanza kalvati ilizibwa na kigogo cha mgomba pamoja na takataka za mkonge. Siku ya pili maji, kwa kuwa hayana pa kutokea, yalianza kurudi nyuma upande wa juu, yakaingia katika shamba la jirani yetu mmoja, mama mzee ambaye katika maisha yake yote hajawahi kufikiwa na mafuriko, hadi kwenye mafiga ya jiko lake. Alinipigia simu akaniuliza kwa upole uliozidi tusi lolote: “Mwalimu, hili bwawa mmelijenga la nini?” Usiku wa tatu nilikuwa pale na tochi. Maji yalipita juu ya tuta mahali padogo tu, upana wa mlango, yakaporomoka upande wa pili na kuanza kulila tuta kutoka chini, na kisha nikasikia sauti kama ya gunia linalochanwa. Kulipopambazuka palikuwa na korongo ambalo mtu mzima angesimama ndani yake asionekane, na changarawe yetu yote ilikuwa imelala juu ya mahindi ya watu wa chini.

Kabla tuta halijakatika, kulikuwa na jambo jingine ambalo kwa aibu sikuliandika katika taarifa ya kikundi. Ndovu wanaotoka upande wa Tsavo Magharibi waligundua, kabla yetu sisi, kwamba katika bonde zima palipo pakavu ni juu ya tuta letu, na kwamba mwisho wa tuta ni migomba. Nilikuta nyayo zimepangwa katikati ya barabara, na kinyesi kikubwa kama karai juu ya kalvati yenyewe. Mzee mmoja mfugaji, ambaye kila tulipomwomba ushauri alijibu kwamba yeye hakusoma, alisimama akiegemea fimbo yake, akatazama, akasema, “Mmewatengenezea njia, Mwalimu. Bado taa tu.”

Nikajitia kupambana na ndovu. Nilichukua kamba ya katani, nikaichovya katika pilipili iliyosagwa na oili chafu ya gari, kama wafanyavyo wakulima wengi. Sikuvaa glavu, kwa sababu nilijua zaidi ya wote, na nilipojifuta jasho usoni mchana huo niliona nyota. Watoto wa jirani walinimwagia maziwa machoni huku wakicheka. Usiku uleule ndovu walitembea sambamba na kamba yangu hadi mahali ilipoishia, wakageuka, wakaingia. Sisemi kwamba pilipili haifai. Inafaa, mradi uzungushe shamba lote na urudie kuipaka mara kwa mara. Mizinga ya nyuki nayo inafaa, na wenzetu wa Sagalla, karibu na Voi, wameifunga kwenye waya kila baada ya mita 10 hivi, ndovu akigusa waya nyuki wanatoka. Sisi tulianza na mizinga miwili tu, na mizinga miwili si uzio.

Aliyetuokoa ni yule mzee asiyesoma. Kiangazi kilipofika na tukawa tunajadili kuinua tuta mara ya pili, safari hii kwa mawe, aliuliza swali moja: “Hao ndovu, zamani, kabla ya barabara yenu, walikuwa wakivukia wapi?” Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Alitupeleka hatua kama mia mbili kwenda juu, mahali palipo na njia pana iliyoshuka taratibu hadi mkondoni na kupanda taratibu upande wa pili. Nilikuwa na mtaimbo. Pale kwenye barabara yetu ulikuwa umezama hadi nikaogopa kuupoteza. Hapa ulishuka shubiri moja, ukagonga mawe, ukanitetemesha mkono hadi begani. Tulipiga sehemu kumi na tatu, kote mawe. Mnyama wa tani kadhaa hakanyagi tope kama ana hiari.

Basi tukahamisha barabara, na badala ya kuipandisha tukaishusha. Tulichojenga kinaitwa drifti, yaani sakafu ya zege iliyolala sawa na ardhi; kiangazi magari hupita juu yake, na mafuriko yakija maji ndiyo yanayopita juu yake. Habari za kibali cha kugusa mkondo wa maji na za kipande cha shamba tulichopewa na jirani sitazieleza, kwa maana kila mtu anajua zinavyokwenda. Ninachotaka kusisitiza ni mawili. Kwanza, iwe ndefu: yetu ni karibu mita 20, ili maji yatandazike yawe membamba. Pili, fedha nyingi zielekee upande wa chini, ambako maji huanguka na kuchimba. Hapo tuliweka masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, na kingo tukazipanda vetiva, nyasi ambayo mizizi yake huenda chini wima hadi kama mita 3. Ng'ombe waliila ile ya kwanza ikiwa bado changa. Tulipanda upya tukaizungushia miiba. Gharama yote sikuijumlisha vizuri, ila ilizidi ile ya tuta kwa nusu hivi, na mawe tulibeba wenyewe.

Kwa kuwa njia ni ya ndovu, tuliwaachia. Pande zote mbili za drifti hatulimi, na waliokuwa na mahindi karibu walipanda pilipili na ufuta. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi jua lichomoze, hakuna mtu anayepita pale kwa miguu wala kwa pikipiki. Tumesimamisha nguzo mbili zenye mstari mwekundu usawa wa goti. Maji yakiufikia mstari, hata awe nani, anasubiri. Vijana wa bodaboda walilalamika juma moja, hadi mmoja wao aliposukumwa na maji ambayo hayakuwa yamefika hata nusu ya mstari, akapoteza viatu na simu.

Mafuriko yaliyofuata yalipita juu ya drifti siku mbili. Siku ya tatu tulitoka na sepetu na mafagio, tukaondoa tope, na kabla ya saa sita lori la ndizi lilikuwa limeshavuka. Mashamba ya chini maji yalifika, kama yalivyofika enzi za babu zetu, yakaacha tope zuri, yakaondoka. Yule mama wa juu jiko lake lilikuwa kavu.

Kalvati ile tuliifukua kwa sababu ilinunuliwa na sikutaka ipotee hesabuni. Iko uani kwangu, nyuma ya banda la mbuzi, na kuku wawili wanatagia ndani yake.