Kona ya jiwe la chokaa

Jana tunarudi kutoka shule, mwanangu yuko nyuma kanishika kiuno, akanipigia kelele kwenye helmeti: baba, mbona kila kona unageuza shingo kabla hatujafika, unamtafuta nani? Nikamwambia hakuna mtu. Uongo mtupu, namtafuta mjomba.

Mjomba wangu wa Soni, kule juu milimani Lushoto, wa pikipiki ya Boxer nyekundu. Ilikuwa Januari 2011, plamu zimeiva mpaka zinaozea chini, akasema tunashuka Mombo na wewe ndo unaendesha. Mimi pikipiki nimejifunzia Tanga mjini, barabara tambarare, kona yangu kubwa ilikuwa ya raundiabauti. Ile barabara ya Mombo kwenda Lushoto mnaijua, kilomita zaidi ya 30 za kujipindapinda, huku mwamba, huku unaona vichwa vya miti, na basi likija unasikia honi kabla hujaliona.

Kona za kwanza nilizipita nimekanyaga breki mwanzo mwisho, mwili umekauka kama gogo. Mjomba kimya, ndoo ya plamu kaibana katikati yetu kwa magoti.

Halafu ikaja kona ya kulia, bonde liko kushoto, na pale ukingoni kuna jiwe limepakwa chokaa. Nikaliona lile jiwe. Sijui niwaelezeje, yaani nililiona mpaka ufa wake, mpaka vijani vilivyoota kwenye ufa, na kadiri nilivyolikodolea macho nasema moyoni nisiende kule jamani nisiende kule, ndo pikipiki ikawa inaenda kulekule, usukani mgumu kama umechomelewa. Mara nikasikia mikono miwili imeshika helmeti yangu huku na huku, kama mtu anachuma fenesi, na kichwa kikazungushwa kulia. Hakusema kitu. Nikaona lami. Lami tele, inashuka zake taratibu mpaka kwenye mgomba mmoja kule mbele, na macho yalipofika kwenye ule mgomba mabega yakafuata, pikipiki ikalala yenyewe, jiwe likapita kushoto, karibu kiasi gani sitaki kujua, na nyuma nikasikia plamu zinadunda barabarani.

Kona zilizobaki akawa ananifundisha kwa kunigonga begani. Breki sasa hivi, pikipiki ingali imenyooka. Shusha gia. Haya tazama kona inakotokea, vuta mafuta kidogo, usiishtue. Kushuka frii kama wanavyofanya vijana wa boda kubana petroli alinikataza kabisa, injini nayo ni breki we mjomba, unaizimia nini? Tunakaribia Mombo nishaanza kulalia kona, najiona sijui nani.

Mombo akanywa chai ya rangi vikombe viwili, akanirudishia funguo, akasema umeshaiva, panda nayo mdogomdogo. Yeye akavuka barabara akaingia kwenye Hiace ya Lushoto, siti ya mbele.

Nilipanda peke yangu na pale kwenye jiwe sikulitazama, nilitafuta kona inakotokea. Kona za kulia bado zinanikausha koo mpaka leo, mwanangu hajui. Na nikimuuliza mjomba siku ile aliniamini au alinikimbia, anacheka, anasema kwanza nilipe zile plamu.