Nambari Moja ya Machi na Bingwa wa Aprili

Mashabiki wa kandanda hapa Kisumu hupata taabu kuuelewa msimu wa mpira wa vikapu wa vyuo vya Marekani, na sababu si ugeni wa mchezo wenyewe. Wamezoea ligi ambayo jedwali ndilo hakimu. Gor Mahia walipomaliza msimu wa 2015 bila kushindwa katika ligi, hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba kazi bado, warudi uwanjani wapambane na timu ya nane ndipo ijulikane kama kweli wao ni mabingwa. Huko vyuoni Marekani ndivyo mambo yalivyo: timu inaweza kuongoza orodha ya ubora tangu Novemba hadi Machi, kisha ikapoteza mchezo mmoja wa dakika 40 na kombe likaenda kwingine. Marafiki zangu huniuliza, basi kuwa nambari moja kuna faida gani? Maoni yangu, ambayo si wengi wanaokubaliana nayo, ni kwamba orodha hupima ubora wa timu kwa haki zaidi kuliko kombe, ijapokuwa kombe ndilo linalokumbukwa.

Orodha hizo zipo kwa sababu jedwali moja haliwezekani. Divisheni ya Kwanza ina vyuo zaidi ya 350, na kila timu hucheza michezo thelathini hivi kabla ya mashindano ya mwisho, mingi ikiwa dhidi ya majirani wa kanda yake. Timu mbili zenye ushindi 27 kila moja huenda hazikukutana kabisa na mpinzani hata mmoja wa pamoja. Ndiyo maana tangu 1949 shirika la habari la Associated Press limekuwa likiwaomba waandishi wa michezo wapige kura kila wiki. Siku hizi kila mpiga kura hutaja timu 25, ya kwanza hupata pointi 25, ya pili 24, na kuendelea hadi ya mwisho inayopata moja. Udhaifu wa utaratibu huu unajulikana: mwandishi huishusha timu iliyofungwa jana usiku ugenini kwa tofauti ya pointi mbili tu, na kuiacha mahali pake ile iliyokaa nyumbani ikiwanyanyasa wanyonge.

Kipimo kinachotumiwa na kamati ya uteuzi wa mashindano ni kingine, kiitwacho NET, kilichoanza 2018. Hicho huhesabiwa kwa kompyuta, nacho huangalia nguvu ya mpinzani, ufanisi wa timu katika kushambulia na kulinda, na mahali mchezo ulipochezwa. Kwa mfano, ushindi wa nyumbani huingia katika daraja la kwanza, yaani la ushindi wenye uzito mkubwa zaidi, ikiwa mpinzani yumo kati ya 30 bora, lakini ugenini inatosha awe kati ya 75 bora. Mtu yeyote aliyewahi kupanda basi na timu kutoka Maseno kwenda kucheza Mombasa, akashuka na miguu iliyovimba na kuambiwa mchezo ni jioni hiyo hiyo, hahitaji kueleweshwa mantiki ya hesabu hiyo.

Kamati huteua timu 68 na kuzipanga katika kanda nne, kila kanda ikiwa na nafasi ya 1 hadi ya 16. Kuwa juu hununua kitu kimoja tu cha hakika, nacho ni mpinzani dhaifu mwanzoni. Kwa wanaume, timu za nafasi ya kwanza zilikuwa zimeshinda michezo yote 135 dhidi ya zile za nafasi ya 16, mpaka Machi 2018 Virginia, walioongoza orodha nzima, walipozabwa 74–54 na UMBC, chuo ambacho mashabiki wengi hawakuwa wamewahi kukisikia. Mwaka uliofuata Virginia hao hao wakawa mabingwa.

Aibu kama hiyo huonekana ajabu kwa sababu watu hawapigi hesabu. Bingwa ni lazima ashinde michezo sita mfululizo, na akipoteza mmoja anarudi nyumbani. Tuseme timu ina uwezekano wa asilimia 85 wa kushinda kila mmoja wa michezo hiyo, kiwango ambacho ni timu chache mno zinakistahili, kwa kuwa wapinzani huzidi kuwa wagumu kadiri raundi zinavyosonga. Uwezekano wa kushinda yote sita unakuwa kama asilimia 38. Kwa maneno mengine, hata timu bora kuliko zote, ikiwa na afya njema na kocha mzuri, ina nafasi kubwa zaidi ya kulikosa kombe kuliko kulipata. Kati ya Kentucky ya 2012 na Connecticut ya 2024 hakuna timu ya wanaume iliyokuwa nambari moja katika orodha ya mwisho ya Associated Press kabla ya mashindano, kisha ikatwaa ubingwa. Sioni kwamba waandishi walikosea miaka yote hiyo.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka kwa wanawake. South Carolina, wanaofundishwa na Dawn Staley, waliongoza orodha msimu wote wa 2022–23 na kuingia nusu fainali wakiwa na ushindi 36 bila kichapo. Huko Caitlin Clark wa Iowa akawatia pointi 41, wakalala 77–73. Wachezaji wote watano wa kuanza wakaondoka, na msimu uliofuata waandishi wakawaweka nafasi ya sita. Kikosi hicho kipya kilicheza michezo 38, kikashinda yote, na Aprili 2024 kikawalaza Iowa 87–75 katika fainali. Je, kikosi cha kwanza kilikuwa duni kuliko cha pili? Mimi nakataa. Kilikutana na mchezaji mmoja aliyekuwa na usiku wake, basi. Watu wa magharibi mwa Kenya wana sababu ya kukifuata chuo hicho kwa karibu, kwa kuwa Madina Okot, binti wa Mumias aliyechezea Chuo Kikuu cha Zetech kisha Mississippi State, alihamia huko kwa msimu wa 2025–26. (Faida nyingine ya mchezo wa wanawake ni kwamba fainali ile ya 2024 ilianza saa nne usiku kwa saa zetu. Ya wanaume huanza karibu saa kumi alfajiri, na siku hiyo kazini huwa sifai.)

Kisha, tukirudi kwa wanaume, kuna Kansas ya 2020. Walimaliza wakiwa nambari moja, ushindi 28 na vichapo vitatu, halafu korona ikafuta mashindano. Hapakuwa na bingwa. Kwa mtu anayeamini kombe peke yake, msimu ule haukuwa na timu bora hata kidogo, jambo ambalo ni kichekesho.

Hapa kwetu, Ligi Kuu ya mpira wa vikapu nayo humalizwa kwa mchujo, ila katika mchujo huo timu mbili hukutana zaidi ya mara moja, hivyo aliyekuwa na usiku mbaya ana nafasi ya kujirekebisha. Michezo ya vyuo vikuu ndiyo inayonikera: hukusanywa katika siku chache kwenye chuo mwenyeji, na timu iliyojinoa mwaka mzima inaweza kuondolewa kwa sababu mlinzi wake mkuu aliamka na malaria. Maseno, Masinde Muliro ya Kakamega, Kibabii ya Bungoma na Jaramogi Oginga Odinga ya Bondo haviko mbali kiasi cha kushindwa kutembeleana Jumamosi, nyumbani na ugenini, na matokeo yakaandikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuyasoma. Kwa vyuo vinne jedwali lingetosha. Egerton ya Njoro na Moi ya Eldoret zikijiunga, nauli itaanza kuuma, baadhi ya michezo haitachezwa, na hapo ndipo orodha ya kura itakapohitajika. Kura hizo ningewapa waamuzi na waandishi wa michezo wa redio zetu. Makocha ningewanyima, maana nimewasikia wakizungumza kuhusu timu zao wenyewe.