Sisimizi wa mguuni

Juzi jioni binti yangu aliinuka sakafuni alikokuwa amekalia mguu wake, akayumba, akashika ukuta. "Mama, sisimizi wananitembea mguuni!" Nikaacha nililokuwa nafanya, nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia ainue kidole gumba. Akakiinua. Nikamwambia akikunje, akakikunja. Ndipo akaniuliza swali ambalo naona amekaa nalo muda mrefu: "Kwa nini kila nikifa ganzi unataka kuona kidole gumba?"

Nikamweleza kwamba neva ilibanwa alipoikalia, sasa inaamka, na wale sisimizi ndio kuamka kwenyewe. Lilikuwa jibu la kweli, ila silo alilouliza.

Mwaka wangu wa pili wa uuguzi, wodi ya watoto, zamu ya asubuhi. Mvulana wa miaka mitano, dozi ya penisilini, sindano ya kwenye msuli. Nilikuwa nimeshachoma watoto wengi na mkono wangu ulikuwa umeanza kuwa mwepesi. Kanuni niliijua hata usingizini: kalio ligawe mafungu manne kwa mistari miwili, choma fungu la juu la nje. Sababu yake niliijua pia. Neva ya siatika hutoka ndani ya nyonga chini ya msuli wa pirifomisi, ikashuka kwenye fungu la chini la ndani kuelekea nyuma ya paja. Ndiyo neva nene kuliko zote mwilini. Kwa mtu mzima ina upana wa karibu sentimita 2 pale inapoanzia. Imesukwa kwa mizizi mitano ya uti wa mgongo, miwili ya mwisho ya kiuno na mitatu ya mwanzo ya sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno. Haya yote nilikuwa nimeyaandika kwenye mtihani na kupata alama nzuri.

Mama yake alimlaza mapajani. Hakuishusha kaptula, aliipandisha upande mmoja hadi kalio likaonekana, nami sikuomba ishushwe. Hiyo kaptula ndiyo ninayoirudia zaidi kichwani. Nilichokiona nilikidhania kalio zima, nikakigawa kwa macho mafungu manne, nikachagua la juu la nje. Lakini juu ya kile nilichokiona kulikuwa bado ni chini ya kalio lenyewe, na kwa mtoto wa umri ule mafungu yote manne yanafunikwa na kiganja kimoja. Sindano ilipoingia alijipinda.

Kilio chake kilikuwa tofauti na vilio nilivyovizoea. Mtoto akichomwa hupeleka mkono penye sindano. Huyu alipeleka mikono yote miwili mguuni, akaukamata unyayo.

Nilichomoa. Mama akambembeleza, nikasugua kwa pamba, nikajiambia ni maumivu yatakayopita. Baada ya kama robo saa nikawasikia wakitembea kwenye ujia, na kabla sijageuka nikasikia unyayo mmoja ukitua taratibu na mwingine ukipiga sakafu, pwa, pwa, kama kandambili iliyolegea. Nikatazama. Alikuwa peku.

Mkufunzi wetu aliitwa. Alikuwa mama mtu mzima asiyepandisha sauti. Hakuniuliza kitu. Alimkalisha mtoto kitandani, akavuta kiti, akaweka ule mguu kwenye magoti yake, akachana kipande kidogo cha pamba.

"Haya baba, funga macho. Nikikugusa useme nasikia."

Akaanzia ndani ya shavu la mguu. "Nasikia." Akashuka hadi ndani ya kifundo cha mguu. "Nasikia." Akapitisha pamba chini ya unyayo, na mtoto, machozi hayajakauka, akacheka na kujaribu kuuvuta mguu. Mama yake akacheka naye. Mimi pia nilihisi kifua kinafunguka. Kisha mkufunzi akahamia upande wa nje wa muundi. Kimya. Juu ya unyayo, kimya. Akaiweka pamba kwenye uwazi ulio kati ya kidole gumba na cha pili, akaisokota pale, akaikandamiza. Mtoto alikuwa amefumba macho kwa nguvu, uso ameuinua, anangoja kwa utii kabisa.

"Bibi," akasema, "mbona hunigusi?"

Hakuna aliyemjibu. Mkufunzi alichukua kalamu, akarudia taratibu, na kila "nasikia" ilipokoma akaweka nukta. Alipomaliza, nukta zilikuwa zimechora mpaka juu ya ngozi, nami nikautambua. Ulikuwa ule ule wa kitabuni. Ndani ya mguu alisikia kwa sababu pale pana neva ya safena, tawi la neva ya paja, ambayo hushuka mbele ya paja na haina safari kupitia kalioni. Chini ya unyayo alisikia kwa sababu ya neva ya tibia. Siatika kwa hakika ni neva mbili zilizofungwa kwenye ganda moja, ya tibia upande wa ndani na ya fibula upande wa nje, mpaka zinapoachana karibu na nyuma ya goti. Sindano yangu ilikuwa imeikuta ile ya nje. Na ya fibula ndiyo huinua unyayo na vidole, na ndiyo huleta hisia kwenye muundi wa nje na juu ya unyayo.

"Sasa fungua macho. Inua kidole gumba."

Akakitazama kidole chake. Akakaza uso, akakaza mabega, vidole vya mikono vikajikunja. Kidole gumba cha mguu wa pili kikainuka. Akakiona kimeinuka, akatutazama kama anayeuliza kama hicho kinatosha.

Nilimwambia mama yake mwenyewe kwamba ni mkono wangu. Alinitazama, akauliza, "Atatembea?" Nikasema atatembea. Sikuwa na haki ya kusema hivyo siku ile.

Yaliyofuata yalikwenda haraka: daktari, taarifa ya maandishi, gango la kuushikilia unyayo usining'inie ili kano ya kisigino isifupike, mazoezi ambayo mama alifundishwa kuyafanya asubuhi na jioni. Mimi nilisimamishwa sindano kwa muda, na sikuwa na malalamiko. Usiku nilisoma. Herbert Seddon, daktari Mwingereza, mwaka 1943 aliyagawa majeraha ya neva katika madaraja matatu: neva iliyozimika tu na nyuzi zake nzima, neva ambayo nyuzi zimekatika ndani lakini maganda yake yamebaki, na neva iliyokatika yote. Ya kwanza hupona kwa siku au wiki kadhaa. Wiki zilipita na kidole hakikuinuka. Tukabaki kuiombea ile ya pili.

Neva ya daraja la pili huota upya kwa karibu milimita 1 kwa siku. Mkufunzi alinipa futi ya mshonaji na kuniambia nipime mwenyewe, kutoka penye alama ya sindano hadi chini ya goti upande wa nje. Sentimita 30. Siku 300, tena hapo ni kufika tu kwenye shingo ya fibula, ule mfupa mwembamba wa upande wa nje wa muundi, pale neva inapouzunguka ikiwa chini ya ngozi kabisa. Misuli ya kuinua unyayo iko mbele zaidi, na msuli unaongoja neva muda mrefu hukonda.

Kuna njia ya kujua imefika wapi. Daktari Mfaransa, Jules Tinel, aliieleza mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeruhi wakiwa wengi. Unagonga kwa ncha ya kidole juu ya njia ya neva. Ukigonga penye nyuzi changa, mgonjwa husikia kitu kama umeme mdogo kwenye ngozi ambayo neva hiyo inaihudumia, hata kama ngozi yenyewe bado haina hisia. Kila walipokuja kliniki mkufunzi alinisimamisha kando yake na kunikabidhi kazi hiyo. Ziara ya kwanza na ya pili nilishuka nyuma ya paja lote nikigonga, mtoto akinitazama tu. Ya tatu, nikiwa sijafika katikati ya paja, aliruka.

"Sisimizi!"

"Wapi baba?"

Akaonyesha juu ya unyayo, pale pale alipokuwa hasikii pamba. Niligonga tena kwa sababu sikuamini. "Wanatembea," akasema, na safari hii alikuwa anatabasamu.

Tangu hapo tulikuwa na mchezo wetu. Yeye anangoja sisimizi, mimi naandika wamefika sentimita ngapi. Walishuka kila mwezi. Mwezi wa kumi walifika shingo ya fibula. Niligonga pale na akacheka kabla hajasema neno. Nikamwomba ainue kidole gumba. Hakikuinuka, lakini nilikuwa nimeweka vidole vyangu juu ya msuli wa mbele ya muundi, na hadi leo siwezi kusema kama kilichotetemeka pale kilikuwa msuli wake au mkono wangu.

Ziara iliyofuata hawakuja. Tuliambiwa familia imehama. Nikamaliza mafunzo, nikahama na mimi.

Sasa hakuna nguo inayobaki mahali ninapochoma, hata mama awe na haraka kiasi gani. Watoto wadogo nawachoma pajani, mbele upande wa nje, mbali na neva kubwa. Na kila mtoto kabla hajashuka kitandani namwomba ainue vidole vya miguu yote miwili. Wenzangu wameshazoea. Sijui kama hilo linalipa chochote kwa yule wa kwanza.

Jana usiku binti yangu alirudi kwenye swali lake, kwa hiyo nilimsimulia. Alisikiliza bila kunikatiza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sisimizi walifika wapi?"

Nikaushika mguu wake, nikagusa upande wa nje, chini kidogo ya goti, pale neva inapoteleza juu ya mfupa ukiibonyeza. "Hapa."

"Na baada ya hapo?"

Nikaburuta kidole taratibu mbele ya muundi, nikapita juu ya unyayo, nikaishia kwenye kidole gumba. "Ilibaki hii tu," nikamwambia.

Akakiinua.