Sekunde nne za mwisho

Jana usiku nimepigwa bao mnadani mtandaoni tena. Nilikuwa nawinda dinamo ya taa ya baiskeli ya Sturmey-Archer, ile inayokaa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele, niifunge kwenye baiskeli yangu ya Raleigh inayofanana na ya marehemu babu kule Tanga. Miaka michache nyuma niliona moja ikienda kwa pauni 20, nikaidharau. Safari hii nimeweka 60, nikajiona tajiri. Zimebaki sekunde nne, mtu kapanda hadi 85. Na hapo posta bado!

Picha nimezikuza leo asubuhi kwa uchungu tu: nikeli imebabuka, kutu imekula nati za ekseli, lakini namba ya mwaka, 53, inasomeka vizuri.

Bei kupanda naelewa. Dinamo hizi ziliacha kutengenezwa miaka ya 1980. Wanaonikera ni wale wanaonunua baiskeli nzima, inayotembea, halafu wanaichinja kama mbuzi: kiti cha Brooks kivyake, taa kivyake, hadi kengele.

Babu Raleigh yake aliibebea madafu.

Kesho saa tatu usiku kuna nyingine. Mama watoto asijue.