Zimwi lenye mlango

Jamani, picha zimetoka leo!

Mnaonijua mnajua ugonjwa wangu: michezo ya ubaoni ya kushuka mahandakini. Mashujaa wachache, hazina, na majitu yanayowangoja gizani. Mkongwe mmoja wa ukoo huu ni HeroQuest ya 1989, na mpaka kesho sijaona mchezo unaonitia hofu kufungua mlango wa kadibodi kama ule.

Sasa kuna mpya unakuja, na leo watengenezaji wameonyesha sanamu zake ndogo za kuchezea.

Mashujaa wako sawa tu. Panga, majoho, tumeshawazoea.

Lakini zimwi!

Nimekuza picha mpaka ikaanza kufifia. Ngao aliyoshika si ngao, ni mlango. Mlango mzima, kaung'oa na bawaba zake zinaning'inia.

Yaani kuna chumba mle chini hakina mlango tena. Alikuwemo nani?

Natamani kumpaka rangi hata kabla ya kurusha dadu. Nitaanza na kutu ya bawaba.

Sanduku lenyewe bado halijafika, ila kati ya mashujaa mchawi nimeshamchukua niwe namchezea mimi, msihangaike naye. Nani anataka yule wa shoka? Semeni mapema, maana kila mara mnagombania hapohapo mezani.