Nilivyoiboresha bastola ya rangi ya bei nafuu karakanani kwangu Lamu

Nimechoka kusikia mafundi wenzangu wa samani wakisema kwamba bastola ya rangi ya bei ya chini haifai kwa kazi ya maana, na kwamba fundi asiyeweza kununua ile ya Kijapani au ya Kijerumani abaki na brashi na kitambaa chake. Milango na viti vya enzi vinavyotoka karakanani kwangu Langoni vinapuliziwa laka kwa bastola ile ile ya kikombe cha juu niliyoinunua Mombasa kwa bei ambayo haifiki hata sehemu ya kumi ya hizo zinazosifiwa, na mteja akipitisha kiganja juu ya mbao haulizi imepuliziwa na nini. Nilibadilisha vipuri vichache, kisha nikaishughulikia hewa inayopita ndani yake, na hilo la pili ndilo lililokuwa na uzito zaidi.

Bastola yenyewe ilikuja na nozeli ya milimita 1.7. Kipimo hicho kinafaa kwa sila nzito, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya laka, na rangi ya kwanza, lakini laka ni nyepesi, na ikipita katika tundu pana hivyo hutoka kwa matone makubwa na kuacha uso wenye vinundu hata mkono ukienda sawa. Niliagiza seti ya milimita 1.3, yaani nozeli, sindano inayoiziba na kofia ya hewa inayoifunika kwa mbele, vyote kwa pamoja, ikaletwa kwa basi hadi Mokowe na kuvushwa kwa boti. Nasisitiza seti nzima, kwa sababu wapo wauzaji watakaokuuzia nozeli peke yake na kukuhakikishia kwamba sindano ya zamani itaingia. Itaingia kweli, lakini haitaziba, na laka itadondoka kwenye mlango uliochongwa kwa miezi.

Muuzaji mmoja wa vipuri alinishauri kwa uhakika mkubwa: “Fundi, ongeza presha tu, itatoka laini.” Nilijaribu ushauri wake kwenye kipande cha ubao, nikaanza na presha ya chini na kuipandisha kidogo kidogo. Mwanzoni umbo la mpulizo lilikuwa zuri, refu na lililojaa katikati. Presha ilipozidi likagawanyika, laka ikawa nyingi juu na chini na katikati pakabaki pakavu, huku ukungu ukijaa karakana nzima. Nilipogusa ubao nilikuta vumbi jeupe, kwa kuwa matone yalikuwa madogo mno hivi kwamba thina iliruka hewani kabla ya laka kufika kwenye mbao. Presha kubwa inakula laka na kuichafua kazi, na anayeishauri bila kuuliza unapuliza nini hajui anachokiuza. Kwa bastola yangu na laka niliyoizimua vizuri, presha ya paundi 30 hivi kwa inchi ya mraba inatosha, nikiwa umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye mbao.

Lakini paundi 30 zisomwe wapi? Geji, yaani kipima presha, ya kwenye kompresa inayosukuma hewa inasema jambo moja, na kinachofika mkononi ni kingine, kwa sababu mpira mrefu na mwembamba hupunguza presha njiani. Ndiyo maana nilifunga regyuleta ndogo ya kurekebisha presha, yenye geji, chini ya mpini wa bastola, nikaisoma nikiwa nimeshika kifyatulio hewa ikipita, kisha nikaubadilisha mpira wa milimita 6 kwa wa milimita 8. Viwili hivyo havikunigharimu kitu cha kulia nacho, na naviweka mbele ya nozeli kwa umuhimu. Kompresa yangu ni ya lita 50 na nguvu ya farasi 2, haiwezi kushibisha bastola kwa mfululizo, kwa hiyo mlango naupuliza ubao kwa ubao na kuiacha ijaze.

Sasa nifike kwenye maji, ambayo ndiyo kero ya kila fundi wa pwani. Watu huchanganya makosa mawili. Laka ikigeuka nyeupe kama maziwa mara tu baada ya kupulizwa, kosa haliko kwenye bastola wala kwenye mpira. Thina inapokauka hupoza uso wa mbao, na unyevu wa hewa ya karakana hutua juu yake. Dawa yake ni thina inayokauka polepole na kuchagua saa, na katika mvua za masika mimi sipulizi laka asubuhi na mapema kwa bei yoyote. Ukiona vitone na vishimo vilivyotawanyika, hapo ndipo maji yametoka kwenye kompresa.

Nilinunua kichujio cha maji kama kila mtu, nikakifunga karibu na kompresa, na vitone vikaendelea. Jirani akasema kichujio ni bandia. Hakikuwa bandia. Hewa iliyogandamizwa hutoka ikiwa ya moto, na maji yaliyomo ndani yake bado ni mvuke, nacho kichujio cha aina hii hukamata maji yaliyokwisha kuwa matone tu. Mvuke unapita, unapoa ndani ya mpira, unageuka maji baada ya kukivuka kichujio, na safari yake inaishia juu ya laka. Basi nikachukua mrija wa shaba wa friji lililokufa, nikauosha kwa thina ukatoka mafuta yote, nikaujaza mchanga mkavu ili usivunjike shingo, nikauzungusha kwenye gogo la mnazi hadi ukawa mizunguko iliyopangana, nikaumwaga mchanga na kuupuliza hadi ukawa safi kabisa. Mizunguko hiyo nikaitumbukiza katika pipa la maji ya kisima lililoinuliwa juu ya matofali, hewa ikiingia juu na kutokea ubavuni karibu na kitako, kisha ikishuka hadi kwenye kichujio. Nilipofungua valvu ya chini ya kichujio baada ya kupuliza kiti kimoja, maji yalitiririka, na ule mlango wa mbambakofi uliofuata haukuwa na kitone hata kimoja. Nilifurahi kupita kiasi, na jirani aliyekiita kichujio bandia sasa ana pipa lake. Maji yawe ya kisima, kwani chumvi ya bahari itakiharibu kila kiungo cha chuma, na tangi la kompresa limwagwe maji kila jioni bila kukosa.

Sili ya sindano nayo niliibadilisha kwa ya tefloni, kwa sababu ile iliyokuja na bastola ililainika kwa thina. Barakoa ya kichujio cha mkaa na moto kuwa mbali ni mambo yasiyo na mjadala.

Upande wa usafi, usiingize waya wala msumari katika matundu ya kofia ya hewa. Mimi natumia chelewa ya ufagio iliyolowekwa thina, ambayo ni ngumu kiasi cha kutoa uchafu na laini kiasi cha kutokwaruza shaba. Mpulizo ukipinda upande mmoja, izungushe kofia nusu duara na upulize tena kwenye karatasi. Umbo likigeuka pamoja nayo, uchafu umo kwenye kofia; likibaki vile vile, tafuta kwenye ncha ya nozeli au sindano.

Ile seti ya 1.7 sikuitupa. Naifunga kila ninapopulizia sila, kisha naosha, nairudisha ya 1.3, na kupiga laka.