Siku moja na jeli ya mwani

Saa moja na nusu asubuhi. Kabla ya chai nafungua tanuri la kukaushia. Karajinani, ile minyororo ya sukari ya mwani inayogandisha jeli, niliyoichuja jana kutoka kwenye kotonii, aina ya mwani, ya Paje, Zanzibar, imekauka, imekuwa vipande vigumu vyeupe. Naisaga kwa blenda ya jikoni, msidhani tuna mashine ya maana.

Saa mbili. Glavu, miwani, kisha fungu jipya la mwani linaingia kwenye haidroksaidi ya potasiamu, nyuzi 80, likae humo saa mbili na ushei. Wengi huona hatua hii ni kuosha tu. Kumbe kemikali hiyo hung'oa baadhi ya salfeti (vikundi vyenye salfa) kwenye mnyororo wa sukari, na mnyororo ukapata umbo la kujisokota vizuri. Bila hiyo jeli hutoka legelege.

Saa nne. Gramu moja ya unga kwa mililita 100 za maji. Ukiumwaga tu kwenye maji ya moto unafanya madonge kama ugali wa mtu mwenye haraka, kwa hiyo naulowesha kwanza kwa spiriti kidogo. Ukishayeyuka naugawa kwenye mirija, kila mmoja na kiasi chake cha kloridi ya potasiamu. Yakipoa, minyororo itajisokota miwili miwili, na potasiamu itayashikamanisha masokoto hayo.

Saa sita umeme ukakatika. Nikala urojo. Umeme umerudi.

Saa nane ndiyo kazi yenyewe. Reometa, mashine ya kupima ugumu wa jeli, hatuna; tunayo mirija, beseni la maji na kipimajoto. Nashusha joto nyuzi moja moja na kuinamisha mrija: kisichotiririka kimeganda. Mrija wenye chumvi kidogo umeganda kwenye nyuzi 36. Kisha napandisha. 37, bado umesimama. 45, bado. Jeli imeyeyuka kwenye 50.

Pengo hilo kati ya kuganda na kuyeyuka ndilo ninalowaambia wanafunzi kila mara. Mtu anaandika kwamba jeli yake itaachia dawa kwa kuyeyuka kwenye joto la mwili, ukimuuliza kaipimaje, kumbe kaipima ikiganda tu. Jeli ya kapa, yaani karajinani ya kotonii, iliyoganda kwenye 36 mwilini itakaa kama ilivyo. Ipimeni joto likipanda, si likishuka tu. Ukizidisha potasiamu, vipimo vyote viwili hupanda.

Saa kumi na nusu nampigia bibi anayetuuzia mwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kotonii usiniulize. Huku kwenye maji mafupi yote imeoza, bahari imekuwa moto. Labda wale wanaolima kina kirefu. Spinosumu ipo tele."

Spinosumu, aina nyingine ya mwani, haitoi kapa, hutoa aiota, karajinani ya aina nyingine: ina salfeti nyingi zaidi, hupendelea kalisiamu, na jeli yake ni laini, hainyauki kwa kutoa maji. Pengo lake la kuganda na kuyeyuka pia ni dogo zaidi.

"Basi niletee hiyo, bibi. Kilo mbili, iliyokauka vizuri."

"Kesho nampa utingo wa daladala."

Naandika kwenye daftari: kloridi ya kalisiamu, mirija sita, kuanza na nusu asilimia.